Kinyangiri: mji uliong'olewa reli

Nilipofika Kinyangiri, kaskazini mwa mji wa Singida, nilimwuliza kijana mmoja mwenye baiskeli kituo kilikuwa wapi. Akanijibu kwa adabu: "Kipi, mzee? Cha polisi au cha afya?" Nikamwambia, cha treni. Akacheka. Alidhani namtania.

Sikumlaumu. Shuleni sote tulifundishwa habari za Reli ya Kati: Wajerumani walianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Reli hiyo ilikatiza nchi kame ya Manyoni na vichaka vya Itigi, ikawaacha Wanyaturu na Wanyiramba mbali upande wa kaskazini.

Tusilofundishwa ni kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1930 Waingereza walitandika tawi kutoka Manyoni, likapita Singida, likaishia Kinyangiri. Ni kilomita 150 hivi. Kijiji hicho kikawa mwisho wa reli, na mwisho wa reli siku zote ni mahali pa maghala, wachuuzi na matumaini.

Hesabu ya serikali ilikuwa nyepesi: peleka treni, mazao yatakuja yenyewe. Hayakuja ya kutosha. Nchi ile mvua zake ni za kubahatisha, na bei za mazao duniani zilikuwa zimeporomoka tangu 1929. Mkulima aliyekuwa akihangaikia mtama wa kulisha watoto wake hakuwa na shehena ya kujaza behewa. Katika miaka ya 1940 reli ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Walioijenga hawakumwuliza mwananchi ana mzigo gani. Walioing'oa nao hawakumwuliza atasafirije.

Je, somo lilieleweka? Hata kidogo. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga, wakajenga reli nyingine kusini, kutoka Mtwara hadi Nachingwea. Mradi ukavunjika mwaka 1951. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli hiyo nayo ikang'olewa.

Baadaye sana tawi la Manyoni lilijengwa upya, kilomita 115, likaishia Singida mjini. Kinyangiri haikukumbukwa.

Nayasema haya kwa sababu sasa tunajenga reli ya kisasa. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na njia inaendelea kuelekea Makutupora, Manyoni na Tabora. Ni jambo la kujivunia, nami nimo katika wanaojivunia. Lakini treni ya kasi haiwezi kusimama kila mahali. Mama anayeuza kuku dirishani mwa behewa katika kituo kidogo kama Saranda, kesho atauza wapi? Swali hilo liulizwe leo, wakati vituo vyake bado vina watu, lisingoje hadi tuanze kuwauliza wajukuu zake kituo kilikuwa wapi.

Na pale Kinyangiri, halmashauri isimike walau jiwe moja lenye maandishi. Mgeni akiuliza tena, kijana asicheke. Amwonyeshe.