Udongo wa Ito, Usubi wa Maridi: Historia Fupi ya Dawa na Mkataba

Makala haya yanafuatilia safari ya ivermektini kutoka udongo wa Japani hadi Maridi, magharibi ya Juba. Yanadai kwamba, katika historia ya dawa zitokanazo na bakteria wa udongo, mkataba uliotangulia ugunduzi ndio ulioamua nani anufaike.

Mwaka 1973 Taasisi ya Kitasato ya Tokyo iliingia makubaliano na kampuni ya Merck ya Marekani. Satoshi Ōmura na wenzake walikusanya udongo, wakaotesha bakteria waliomo, wakateua waliokuwa wageni machoni pao na kuwapeleka New Jersey. Mmoja wao, aliyetoka karibu na uwanja wa gofu wa Ito, ndiye aitwaye sasa Streptomyces avermitilis. Katika maabara ya Merck, panya wenye minyoo walipolishwa mazao yake, minyoo ilitoweka. William Campbell na wenzake waliyaboresha mazao hayo yakawa ivermektini, dawa iliyoanza kutumiwa kwa mifugo mwaka 1981. Mwaka 1987 Merck ilitangaza kuitoa bure dhidi ya usubi. Ōmura na Campbell walitunukiwa Nobeli mwaka 2015.

Usubi ni neno la bahati: Kiswahili hulitumia kwa mdudu na kwa maradhi anayoyaeneza, yale yapofushayo macho. Mdudu huyo huzaliana penye maji yaendayo kasi, na huko Maridi hustawi kwenye njia ya kupunguzia maji ya bwawa. Dawa huua minyoo michanga tu. Mikubwa huishi mwilini kwa zaidi ya miaka 10. Kwa hiyo sharti imezwe angalau mara moja kila mwaka, kwa miaka mingi mfululizo. Vita vilipokatiza ugawaji, hesabu hiyo ilivurugika.

Kitasato ililipwa mrabaha, na kwa fedha hizo ikajenga hospitali. Kenya haikuwa na mkataba wa namna hiyo. Bakteria wa jamii ya Actinoplanes, aina SE50, alitoka katika udongo wa Ruiru, naye ndiye msingi wa akabosi, dawa ya kisukari ya kampuni ya Bayer. Asili hiyo ilitangazwa katika ripoti ya mwaka 2006, dawa ikiwa tayari sokoni. Aina hiyo ilikuwa imetengwa kabla ya Mkataba wa Bioanuwai wa 1992, hivyo swali la haki lilikosa sheria ya kuliegemea. Binafsi sioni kwamba tarehe hiyo inalifuta swali lenyewe.

Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inadai ridhaa itolewe kabla ya sampuli kuchukuliwa. Lakini ridhaa ni neno kabla ya kuwa saini. Mzee wa kijiji aliyesomewa fomu kwa lugha asiyoielewa hajaridhia chochote. Kwa washauri wa sera walioko Juba, napendekeza istilahi tatu, yaani ridhaa, mrabaha na mgawanyo wa manufaa, zifafanuliwe kwa Kiswahili, kwa Kiarabu cha Juba na kwa lugha za wenyeji, kabla ya sampuli nyingine yoyote ya udongo wa Sudd kufungwa na kusafirishwa.