Kadi Iliyochomwa St. Louis

Mwishoni mwa Oktoba 2025, mtangazaji Tucker Carlson aliketi na Nick Fuentes, kijana wa miaka 27 aliyejijengea jina kwa kuwatusi Wayahudi na kumsifu Hitler, wakapiga gumzo zaidi ya saa mbili. Siku chache baadaye Kevin Roberts, mkuu wa Heritage Foundation, taasisi kubwa ya wahafidhina pale Washington, akajirekodi video akimtetea Carlson. Nyumba ikawaka moto. Wafanyakazi wake mwenyewe walimgeukia, akaomba radhi, na bodi ikapoteza wajumbe. Huku kwetu wengi tuliitazama kama sinema: mrengo wa kulia wa Marekani umeanza kulana wenyewe kwa wenyewe, vijana dhidi ya wazee, tulete njugu.

Ila kuna wachambuzi walioliandika kana kwamba ni jambo geni. Si geni. Liliwahi kutokea kwa kishindo mwishoni mwa Agosti 1969, jijini St. Louis kando ya mto Mississippi, kijana mmoja alipoinua kadi mbele ya umati wa wahafidhina wenzake na kuitia moto.

Mimi si mwanahistoria wa vyeti. Chuo niliacha mwaka wa pili, na tangu hapo husoma ninachotaka kwa mpangilio ninaoutaka, jambo ambalo lina raha zake. Hii hadithi imenikaa kichwani kwa sababu ya swali moja: wazee wakikufundisha neno kubwa, halafu ukalichukua kwa uzito kuliko wao, nani anaamua linaishia wapi?

Neno lenyewe lilikuwa uhuru.

Tuanze 1955. William F. Buckley, mtoto wa tajiri wa mafuta, hajafika hata miaka 30, anaanzisha jarida la National Review mjini New York. Wakati huo wahafidhina wa Marekani hawakuwa kundi moja. Kulikuwa na watu wa soko huria, ambao kwao serikali ni mwizi mwenye muhuri. Kulikuwa na watu wa mapokeo, wafuasi wa akina Russell Kirk, waliolia kwamba jamii imesahau Mungu, ukoo na adabu, na ambao soko huria halikuwafurahisha sana, maana sokoni hata adabu inauzwa. Na kulikuwa na wapinga ukomunisti, wengi wao wakomunisti wa zamani, waliokuwa na hasira ya mtu aliyetoka kwenye ndoa mbaya. Buckley aliwaketisha wote meza moja. Kilichowaunganisha kilikuwa adui, Moscow.

Aliyepewa kazi ya kuifanya meza hiyo ionekane ina mantiki ni Frank Meyer. Huyu jamaa nampenda kama mhusika wa riwaya. Aliwahi kuwa mratibu wa wakomunisti wanafunzi Uingereza hadi akafukuzwa nchi mwaka 1934. Baadaye akahamia upande wa pili, akaishi mlimani Woodstock, akilala mchana na kufanya kazi usiku, na kuwapigia watu simu saa ambazo binadamu wa kawaida wamelala. Hoja yake ilikuwa hivi: wema usiouchagua mwenyewe si wema. Kwa hiyo serikali ilinde uhuru basi, na wema uachiwe familia, kanisa na dhamiri ya mtu. Kila upande unapata fungu lake.

Hoja tamu. Lakini hata ndani ya jarida haikukubalika kirahisi. Brent Bozell, shemeji yake Buckley, ndiye aliyeuandika kwa niaba ya seneta Barry Goldwater ule mkataba wa imani wa wahafidhina, The Conscience of a Conservative, mwaka 1960. Kitabu kizima kinaimba uhuru. Miaka miwili baadaye Bozell huyo huyo akaandika kwenye National Review akimpinga Meyer: lengo la siasa ni kuwasaidia watu wawe wema, na uhuru ukiachwa bila lijamu utaharibu hilo. Mwandishi wa kitabu cha uhuru ndiye alikuwa wa kwanza kuuogopa.

Vijana wao waliambiwa toleo fupi. Septemba 1960, takriban vijana 90 walikusanyika nyumbani kwa akina Buckley, mji mdogo wa Sharon, Connecticut, wakaunda Young Americans for Freedom, au YAF. Tamko lao, lisilofika maneno 400, liliandikwa na M. Stanton Evans, umri miaka 26. Walibishana kuhusu Mungu atajwe au asitajwe. Akatajwa, kama mtoaji wa hiari ya mwanadamu. Ukilisoma sasa unaona Meyer mtupu: uhuru mbele, Mungu nyuma yake akiushika mkono.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana hao vijana wa uhuru walitufikia hadi huku kwetu. Miezi miwili kabla ya mkutano wa Sharon, Moïse Tshombe alikuwa ametangaza Katanga imejitenga na Congo, akitegemea pesa za kampuni ya madini ya Union Minière na maafisa wa Kibelgiji. Ni Katanga hiyo hiyo, inayozungumza Kiswahili chake chenye ladha ya migodi, ambako Patrice Lumumba aliuawa Januari 17, 1961. Wahafidhina wa New York wakaunda kamati ya kuwasaidia "wapigania uhuru" wa Katanga. Mwenyekiti alikuwa Max Yergan, Mmarekani mweusi aliyehudumu Afrika Mashariki na YMCA wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akawa rafiki wa wakomunisti, kisha adui yao. Machi 1962, YAF walijaza Madison Square Garden watu zaidi ya 18,000. Miongoni mwa waliopangiwa tuzo usiku huo alikuwa Tshombe. Hakufika. Serikali ya Kennedy ilimnyima viza.

Uhuru wa nani, basi? Jarida lao lilikuwa limeshajibu Agosti 1957, lilipoandika kwamba wazungu wa kusini mwa Marekani wana haki ya kutawala hata pale walipo wachache, kwa sababu wao kwa wakati huo ndio walioendelea zaidi. Nalitaja hili ili msije mkadhani nitawaletea hadithi ya vijana watakatifu dhidi ya wazee waovu. Vijana wa YAF walilelewa kwenye nyumba hiyo na wengi hawakuona harufu yake. Mgombea wao wa urais 1964, Goldwater, alipiga kura seneti dhidi ya Sheria ya Haki za Kiraia, na alipobwagwa na Johnson alibaki na jimbo lake la Arizona na majimbo matano ya kusini kabisa.

Halafu ikaja Vietnam.

Kufikia mwisho wa 1968 Marekani ilikuwa na askari zaidi ya 500,000 kule, na wengi walipelekwa kwa sheria ya kuandikishwa jeshini kwa lazima. Kijana wa kiume akitimiza miaka 18 alipewa kadi, na sheria ilimtaka atembee nayo. Sisi tungeiita kipande bila kufikiri mara mbili. Mwaka 1965 Bunge la Marekani lilifanya kuiharibu makusudi kuwa kosa: kifungo hadi miaka mitano, faini hadi dola 10,000. Mwanafunzi wa chuo aliweza kuahirishiwa wito. Aliyeacha masomo, kinga hiyo ilimtoka. Kwa hesabu hiyo mtu kama mimi angekuwa kwenye ndege akielekea Saigon, huku wenzangu wakimalizia tasnifu.

Sasa mweke hapo kijana wa YAF. Tangu sekondari ameambiwa serikali haina haki ya kumchukulia hata senti ya mshahara wake bila sababu nzito. Anauliza swali ambalo mtoto yeyote angeuliza: kama haiwezi kuchukua pesa yangu, inachukuaje mwili wangu? Wazee wakajibu kwamba kuna vita dhidi ya ukomunisti. Na tuwe waadilifu: wengi wa YAF nao hawakuipenda sheria hiyo, walitaka jeshi la kujitolea. Ugomvi ulikuwa juu ya hatua inayofuata. Sheria ikiwa ya dhuluma, unaiomba ibadilishwe, ama unaivunja?

Ndilo swali lililoingia ukumbini St. Louis, mbele ya umati wa zaidi ya vijana elfu moja. Upande mmoja walikuwa watu wa mapokeo, suti na nywele fupi, na ndio waliokuwa na idadi. Upande wa pili walibertari, wachache, baadhi na ndevu na bendera nyeusi ya waanaki. Murray Rothbard, mwanauchumi aliyekwisha kosana na National Review, alikuwa amewaandikia waraka wa wazi akiwasihi watoke kwenye chama hicho, wamwachie Buckley wake. Azimio la kuunga mkono wanaokaidi wito wa jeshi likaletwa, likashindwa kwa mbali. Hapo ndipo kijana mmoja akasimama na kadi mkononi na kuiwasha. Wengine husema ilikuwa nakala tu. Haikujalisha. Ukumbi ulilipuka, wakatupiana matusi na ngumi, watu ambao asubuhi walikuwa wamevaa beji ile ile.

Usiku wa kongamano hilo walibertari walikwenda chini ya tao la chuma la Gateway, lenye kimo cha mita 192, kumsikiliza Karl Hess. Huyu naye ni mtu wa ajabu. Mwaka 1964 alikuwa akimwandikia Goldwater hotuba. Kufikia 1969 alikuwa na ndevu, anazungumza na vijana wa mrengo wa kushoto, na ameiandikia serikali kuiambia hatalipa kodi tena. Baadaye alijifunza kuchomelea vyuma na kuishi kwa kubadilishana kazi na vitu, maana pesa yoyote aliyopata ingechukuliwa. Mnaweza kumcheka. Mimi naona ndiye peke yake katika hadithi hii aliyeishi hotuba alizoziandika.

Na Meyer, mwenye hoja tamu? Septemba hiyo hiyo aliandika kwenye National Review akiwakemea: huo wenu si uhuru, ni ufuska. Yaani mtu aliyefundisha kwamba serikali haihusiki na wema, sasa aliwaambia vijana kwamba uhuru usio na mapokeo ya Magharibi nyuma yake ni upotovu. Ukisoma vitabu vyake vizuri, hakujipinga. Sharti hilo lilikuwemo tangu mwanzo kwa maandishi madogo. Vijana walisoma maandishi makubwa. Meyer alifariki Aprili 1972, baada ya kubatizwa Mkatoliki dakika za mwisho.

YAF walifagia nyumba. Matawi yakavunjwa, hasa California, na walibertari wakafukuzwa au wakajiondokea. Mwaka 1971 baadhi ya waliochoshwa na vyama vyote viwili waliunda chama chao cha Libertarian huko Colorado, ambacho hadi leo kinagombea na kushindwa.

Najua kuna atakayesema: basi ya leo ni marudio. Si kweli kabisa. Mwaka 1962 Buckley aliweza kumgeukia Robert Welch wa John Birch Society, mzee aliyedai hata Rais Eisenhower alitumikia ukomunisti, akamwandikia kurasa nyingi za kumkana, na neno lake likawa na uzito kwa sababu mlango ulikuwa mmoja na ufunguo alikuwa nao yeye. Fuentes hahitaji mlango. Mwaka 2019 wafuasi wake walikuwa wakipanga foleni kwenye mikutano ya Charlie Kirk, aliyeanzisha Turning Point USA mwaka 2012 akiwa na miaka 18, ili wafike kipaza sauti wamuaibishe kwa maswali. Kirk, kijana wa jana, alishakuwa mzee kwao akiwa na miaka 26. Aliuawa kwa risasi Septemba 2025 akiwa jukwaani chuoni Utah, na wiki chache baadaye ndipo Carlson akamkaribisha Fuentes.

Tofauti nyingine ndiyo inayonisumbua zaidi. Waasi wa 1969 waliwadai wazee wao uhuru mwingi zaidi, hadi ukawatisha. Wa sasa wanawacheka wazee kwa kuuzungumzia uhuru hata kidogo; wanataka serikali yenye rungu, mradi rungu liko mkononi mwao. Adui wa Moscow alipoanguka gundi iliisha, na kilichobaki mezani ni swali la Bozell, safari hii likiulizwa na watu wasio na elimu yake wala haya yake. Wale wanaosema vijana daima huvuta historia kuelekea upande mwema hawajatazama foleni hiyo.

Kuhusu ile kadi: Desemba 1, 1969, miezi mitatu baada ya St. Louis, vidonge 366 vya plastiki vyenye tarehe za kuzaliwa vilitolewa kimoja kimoja kwenye chombo cha kioo mbele ya televisheni, na Amerika nzima ikajua nani ataitwa kwanza: waliozaliwa Septemba 14. Lakini tume ya Nixon, iliyokuwa na mwanauchumi Milton Friedman ndani yake, ilipendekeza Februari 1970 jeshi liwe la kujitolea, na mwaka 1973 wito wa lazima ukakoma. Walibertari waliofukuzwa ukumbini walikuwa wamepata walichokitaka, kupitia kwa profesa mwenye tai.

Mwaka 1980 Rais Carter alirudisha usajili wa vijana. Ronald Reagan, kipenzi cha YAF tangu walipokuwa wanafunzi, alifanya kampeni akiupinga. Januari 1982, akiwa Ikulu, aliamua uendelee.