Mkono wa Idi

Natumaini kila mwanafunzi ameketi mahali patulivu na daftari lake li karibu. Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya vita wala ya wafalme. Twataka kutazama zawadi za sikukuu zilizofanywa kwa mikono katika pwani hii ya Tanga na Pangani, na jinsi fedha ilivyozigeuza.

Tuanze na maneno, kwa maana lugha hutunza mambo ambayo watu wamekwisha kuyasahau. Mwanafunzi akihitimu ufundi humpa mwalimu wake kilemba. Mama wa bibi arusi hupewa mkaja. Kilemba ni nguo ya kichwani, na mkaja ni nguo anayojifunga mzazi tumboni. Lakini katika nyumba nyingi siku hizi vyote viwili ni noti ndani ya bahasha. Kitu kimekwenda zake, jina limebaki. Na zawadi ya sikukuu twaiita mkono wa Idi, ingawa pengine mkono wenyewe haukufanya kazi yo yote ila kufungua pochi.

Zamani nguo haikuwa kitu kidogo. Ilipimwa kwa mkono, tangu kiwiko hata ncha ya kidole: mikono minne ni shuka, mikono minane ni doti. Mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na merikebu za mji wa Salem zikaleta Unguja nguo ya pamba ambayo watu waliiita merikani. Misafara iliyotoka Pangani kwenda bara ilichukua nguo kama sisi tuchukuavyo fedha. Kwa hiyo aliyempa mwalimu wake kilemba alimpa mali hasa.

Sasa tazameni kofia ya viua. Kitambaa cheupe hukatwa vipande, kimoja cha mviringo cha utosini, na kingine kirefu cha kuzunguka kichwa. Mchoro huandikwa, vijitundu hutobolewa, kisha kila kitundu huzungushiwa uzi kwa sindano mpaka ukingo wake uwe mgumu. Vitundu hivyo ni vingi mno, navyo hupitisha upepo, jambo la maana katika joto letu. Huko Omani kofia ya namna hiyo huitwa kumma. Mke aliyetaka mumewe avae kofia mpya siku ya Idi hakungoja mwezi wa Ramadhani uandame. Alianza Rajabu au Shaabani, usiku, watoto wakiisha kulala.

Wala hakuweza kuanza bila ya kukijua kichwa. Mimi mwenyewe nalijifunza hayo kwa aibu. Mwaka mmoja nalimnunulia mkwe wangu kofia dukani, alasiri ya mwisho ya mfungo, kwa kukisia tu. Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, akaniombea dua. Asubuhi ya Idi naliiona kofia ile juu ya kichwa cha mjukuu wake wa miaka kumi, nayo ilimkaa barabara.

Fedha iliingiaje? Mwaka 1893 Mdachi mmoja, Richard Hindorf, alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyopona ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mwaka ule ule reli ilianza kujengwa kutoka Tanga. Mwaka 1897 Serikali ya Wadachi ikatangaza kodi ya nyumba. Basi watu walihitaji rupia, na rupia zilipatikana shambani kwa bwana mkubwa na kwenye reli. Mtu akaaye kambini, mbali na kwao, hana nafasi ya kusuka wala kushona, ana mshahara. Sikukuu ikifika hupita dukani, akarudi nyumbani na kitu mkononi. Simlaumu hata kidogo.

Lakini mikeka haikuisha. Makuti machanga ya mkindu hukatwa, hukaushwa juani, huchanwa, hutiwa rangi, husukwa ukili, na ukili huo hupimwa kwa pima, kisha huungwa kwa shazia. Hapo kale rangi nyeusi ilitoka katika mizizi ya mdaa, na rangi ya manjano katika bizari. Mwaka 1856 kijana wa London, William Perkin, aligundua rangi ya kwanza ya viwandani ya jamii ya anilini, na baadaye rangi za unga za namna hiyo zikafika hata Pemba na Mrima. Ndizo zinazotupa zile nyekundu na zambarau kali. Wengine husema zimeharibu mikeka. Mimi naona zimeichangamsha.

Katika darasa letu la jioni la watu wazima huko Pangani, bibi mmoja msusi alitumia somo la hesabu kuhesabu mkeka wake. Kukata na kukausha, siku tatu. Kutia rangi, siku mbili. Kusuka, siku kumi na nne. Kuunga, siku mbili. Jumla siku 21, kazi za nyumbani zikiwa kando. Kisha akaandika bei aliyopewa na mchuuzi, akaigawa kwa ujira wa kibarua wa siku moja. Jawabu likawa siku nne. Darasa zima lilinyamaza, nami mwalimu sikuwa na la kusema.

Bwana mmoja mvuvi akamwuliza, "Sasa, mama, wataka tufanyeje?" Akajibu kwamba anayetaka msala wa baba yake, au kawa la dada yake, au vipepeo vya wenziwe wa kazini, amwambie mwezi wa Rajabu, atangulize fedha ya ukindu na rangi, na amwambie pia mtu huyo hupenda rangi gani. Mvuvi yule aliagiza msala papo hapo. Alipoulizwa rangi aipendayo baba yake, hakuijua, akaomba ruhusa aende nyumbani kuuliza.

Kwa somo la juma lijalo, kila mwanafunzi achukue uzi, apime kichwa cha mzee mmoja wa nyumbani kwake, na aandike urefu wake katika daftari pamoja na jina la mzee huyo. Kwaherini.