Edinburgh, Mji wa Wapangaji

Mji Mkongwe wa Edinburgh umekaa juu ya kitu ambacho barafu ilishindwa kukibeba. Mwamba wa volkano, iliyozimika yapata miaka milioni 350 iliyopita, ulisimama imara mito ya barafu ilipokuwa ikisukuma kutoka magharibi. Nyuma yake, upande wa mashariki, ukasalia mteremko mrefu na mwembamba. Juu ya mwamba wakajenga ngome, na kwenye mteremko wakapitisha barabara moja, ile inayoitwa Royal Mile, kutoka lango la ngome hadi kasri la Holyrood. Kulia na kushoto vichochoro vinaporomoka kwenda bondeni, vingine vyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana, mmoja hana budi kugeuka ubavu. Ukiutazama mji huu kwenye ramani, unaona mgongo wa samaki na miiba yake.

Umbo hilo ndilo lililoamua watu walale vipi. Kaskazini kulikuwa na ziwa la maji machafu, Nor Loch. Kusini ulijengwa ukuta baada ya jeshi la Waskoti kuangamizwa na Waingereza pale Flodden mwaka 1513. Mji haukuwa na pa kutanukia, ukapanda juu. Zilijengwa nyumba za mawe zenye ghorofa sita au saba upande wa barabara, na zaidi ya hapo upande wa nyuma ambako ardhi inashuka. Familia zisizohusiana kwa damu wala kwa kazi zilitumia ngazi moja ya mawe yenye giza.

Waongozaji wa watalii hupenda kusimulia mji huu kwa habari za Malkia Mary wa Uskoti na wafalme waliomtangulia. Mimi niliutembea peke yangu, nikilala hosteli, na nikatoka na imani kwamba swali lenye faida zaidi ni la mpangaji: nani alilala wapi, na nani mwingine kwenye ngazi ile alimjua kwa jina? Katika mji huu swali hilo limewahi kuwa la kufa na kupona.

Nyumba iitwayo Gladstone's Land, pale Lawnmarket, inafaa kuwa mahali pa kuanzia. Ilijengwa mwaka 1550. Mwaka 1617 ilinunuliwa na mfanyabiashara Thomas Gledstanes, akaisogeza mbele kuelekea barabarani, akaishi humo na kupangisha sehemu zilizobaki. Miongoni mwa wapangaji wake walikuwamo mchungaji wa kanisa, mwenye duka na bwana mwenye cheo cha ukoo. Dari za vyumba vyake zilichorwa maua na matunda, na rangi zake zinaonekana hadi leo. Kwa desturi ya mji mzima, ghorofa za katikati ndizo zilizokuwa na hadhi, mbali na uvundo wa chini na bila adha ya kupanda mno. Maskini waliishi darini na kwenye vyumba vya chini ya ardhi. Jaji na mshona nguo walipishana ngazini kila asubuhi. Usiku ulipoingia, wote walimwaga ndoo zao za uchafu dirishani, wakipiga ukelele wa kumwonya apitaye chini.

Mgeni asiye na mwenyeji alipata taabu. Edward Topham, Mwingereza aliyekaa Edinburgh mwaka 1774 na 1775, aliandika kwa uchungu juu ya nyumba za wageni alizozikuta: chafu, na hazikuwa bora kuliko kilabu cha pombe. Mwaka mmoja kabla yake, Agosti 1773, Samuel Johnson, mtunzi wa kamusi mashuhuri ya Kiingereza, alifikia gesti ya Boyd huko Canongate. Mhudumu akamtilia sukari kwenye maji ya limau kwa vidole vyenye mafuta, naye akakimwaga kinywaji kile nje ya dirisha kwa hasira. Rafiki yake James Boswell alikuja kumchukua akamkaribishe nyumbani kwake James Court, ua uliozungukwa na majumba marefu karibu na ngome. Kariri jina la ua huo, kwa maana tutarudi hapo.

Wakati huohuo wenye fedha walikuwa wanafungasha. Ziwa lilianza kukaushwa mwaka 1759. Mwaka 1763 ukawekwa msingi wa daraja la kuvuka bonde kwenda kaskazini, na mwaka 1767 ramani ya kijana James Craig ikakubaliwa: Mji Mpya wa mitaa iliyonyooka, bustani na nyumba pana. Ni mji mzuri mno, na mwaka 1995 UNESCO iliorodhesha miji yote miwili pamoja kuwa urithi wa dunia. Lakini uzuri ule ulikuwa na gharama yake. Jaji alihama, daktari akahama, mwenye duka akafuata. Ngazi za Mji Mkongwe zikaachiwa wale wasioweza kuhama, na wageni wasio na chaguo: vibarua kutoka Nyanda za Juu za Uskoti, na Waairishi waliovuka bahari kuchimba mfereji wa Union uliofunguliwa mwaka 1822. Chumba cha familia moja kikagawanywa, na kila sehemu ikagawanywa tena.

Hapo ndipo inapoingia nyumba ya William Hare.

Watu husimulia habari za Burke na Hare kama hadithi ya wezi wa maiti, na kila usiku makundi ya watalii huongozwa makaburini kuisikiliza kwa vicheko vya woga. Kwa maoni yangu, kisa hiki ni cha gesti. Hare na mkewe waliendesha nyumba ya kulaza wapita njia katika kichochoro cha Tanner's Close, eneo la West Port. Novemba 1827 mpangaji mmoja mzee, askari mstaafu, alifariki kwa maradhi akiwa anadaiwa pauni 4 za kodi. Hare, pamoja na mpangaji wake William Burke, waliuza mwili kwa Dk. Robert Knox aliyefundisha anatomia, wakalipwa pauni 7 na shilingi 10. Vyuo vya udaktari vilihitaji maiti nyingi kuliko sheria ilivyoruhusu, na wanunuzi hawakuuliza maswali. Katika mwaka uliofuata, wawili hao waliua watu 16.

Tazama waliowaua. Wengi walikuwa wanawake waliosafiri peke yao, wazee wasio na watoto, wagonjwa waliolala humo usiku mmoja. Wa mwisho alikuwa mwanamke kutoka Ireland aliyeitwa Docherty, tarehe 31 Oktoba 1828. Burke alimkuta dukani akamwambia kwamba mama yake naye ni wa ukoo wa Docherty, kwa hiyo wao ni ndugu, aje nyumbani ale na alale. Mgeni mwenye njaa aliambiwa neno ambalo kila msafiri hutamani kulisikia.

Walionasa uhalifu ule hawakuwa polisi. Walikuwa wapangaji wa Burke, aliyekuwa amekwishahama kwa Hare: mume na mke, James na Ann Gray. Usiku ule Burke aliwaomba wakalale kwa Hare ili kupisha mgeni. Kesho yake waliporudi, mama yule hakuwepo. Ann Gray akaenda kuchukua soksi alizoziacha kando ya kitanda, Burke akamfokea asikaribie. Walipopata nafasi ya kubaki peke yao, wakafunua majani makavu wakaukuta mwili. Mwanamke aliyeishi na Burke aliwasihi wanyamaze, akiwaahidi pauni 10 kwa wiki. Watu wale walikuwa maskini wa kutupwa, hawakuwa na hata kitanda cha kuita chao. Walikataa, wakaenda kutoa taarifa. Hare alitoa ushahidi dhidi ya mwenzake akaachiwa huru. Burke alinyongwa tarehe 28 Januari 1829 mbele ya umati mkubwa pale Lawnmarket, na mifupa yake ipo hadi sasa katika jumba la makumbusho ya anatomia la Chuo Kikuu cha Edinburgh. Mwaka 1832 Bunge likapitisha sheria mpya ya anatomia. Katika mji wenye sanamu nyingi za majenerali na wanafalsafa, sikuona sanamu ya Ann Gray, na nadhani anastahili.

Majumba yenyewe nayo yalianza kuua. Usiku wa tarehe 24 Novemba 1861 jengo moja la High Street liliporomoka na kuua watu 35. Kijana aliyefukuliwa hai kwenye kifusi amechongwa sura yake juu ya lango la Paisley Close. Mwaka uliofuata Henry Littlejohn aliteuliwa kuwa ofisa wa kwanza wa afya wa jiji, na ripoti yake ya mwaka 1865 ilionyesha, kichochoro kwa kichochoro, jinsi msongamano ulivyokuwa ukifupisha maisha. Halmashauri ikabomoa na kupasua barabara mpya. Ilisaidia, ila waliobomolewa walikwenda kubanana kwingine.

Sasa turudi James Court. Mwaka 1886 mwanabiolojia Patrick Geddes alimwoa Anna Morton, na badala ya kutafuta nyumba yenye bustani Mji Mpya, wawili hao walihamia kwenye ua huohuo wa Boswell, ambao kufikia hapo ulikuwa umejaa familia za kimaskini. Wakapaka chokaa kuta, wakapanda maua, wakafanya usafi bega kwa bega na majirani. Geddes aliona kwamba kubomoa kila kitu ni kuwaadhibu waliomo. Alitaka yaondolewe majengo mabovu machache tu ili hewa na jua viingie, mengine yatengenezwe na watu wabaki. Aliona pia kwamba mtaa hauponi wakikaa humo watu wa tabaka moja. Hivyo mwaka 1887 alifungua karibu na hapo, Mound Place, hosteli ya wanafunzi iliyoendeshwa na wanafunzi wenyewe, bila msimamizi wa kuwafungia milango. Hosteli ikarudisha ngazini mchanganyiko ambao Mji Mpya uliuchukua. Majengo mekundu na meupe ya Ramsay Garden, yanayoonekana kando ya ngome kwenye kila picha ya Edinburgh, ni kazi ya juhudi hizohizo za miaka ya 1890. Mtu akiniuliza ni nani aliyeokoa Mji Mkongwe, nitamtaja Geddes kabla ya mfalme yeyote.

Mji uliendelea kupokea wanafunzi waliotoka mbali. Mwaka 1949 alifika Julius Nyerere kutoka Tanganyika, akasoma fasihi, historia, uchumi na falsafa ya maadili, akahitimu mwaka 1952. Baadaye alisema kwamba Edinburgh alipata nafasi ya kufikiri, na kwamba msimamo wake wa kisiasa aliujenga akiwa kule. Miaka miwili baada ya kuhitimu, TANU ilizaliwa. Msomaji wa Kiswahili anayepita mitaa ya chuo kuzunguka George Square hahitaji sababu nyingine ya kusimama kidogo.

Hosteli za wasafiri zilitoka kwenye chimbuko jingine. Mwalimu Mjerumani Richard Schirrmann alifungua hosteli ya kudumu katika ngome ya Altena mwaka 1912, ili watoto wa mijini wapate pa kulala wakitembea mashambani. Waskoti waliunda chama chao mwaka 1931 na kufungua hosteli ya kwanza huko Broadmeadows, karibu na Selkirk. Nia ilikuwa kumpa kijana wa kiwandani kitanda cha bei ndogo, naye apike, afagie na aondoke asubuhi kwa miguu yake. Edinburgh yenyewe ilianza tamasha lake kubwa la sanaa mwaka 1947, na tangu hapo kila Agosti vitanda huwa adimu. Hosteli za binafsi zimejaa katika majengo ya zamani ya Mji Mkongwe, zenye mabweni ya vitanda vya deka, watu wanane, kumi na wawili, au zaidi katika chumba kimoja.

Kwa asafiriye peke yake hilo ni jambo la kushukuru. Jikoni mwa hosteli kila mfuko wa chakula huandikwa jina la mwenyewe na siku atakayoondoka, na mwenye kuondoka huacha mchele au chumvi yake kwenye rafu ya wote. Nilichemsha chai ya tangawizi na kabla haijatokota nilikuwa na wageni watatu mezani. Siku ukungu uliponishika juu ya Arthur's Seat, kilima cha mita 251 kilichopo mwisho wa Royal Mile, nikachelewa hadi giza, nilimkuta mama mmoja wa kitanda cha juu yangu ameshauliza mapokezi kama nimerudi. Tulikuwa tumefahamiana tangu asubuhi tu.

Tatizo la leo limehamia kwenye nyumba za kawaida. Pembeni ya milango mingi ya Mji Mkongwe utaona visanduku vidogo vya funguo: nyumba nzima hukodishwa kwa usiku mbili tatu, mgeni hafunguliwi na mtu wala haagwi na mtu, na mkazi wa ngazi hiyo hajui nani amelala upande wa pili wa ukuta. Mwaka 2022 jiji zima lilitangazwa kuwa eneo la udhibiti, hivyo anayetaka kugeuza makazi kuwa malazi ya watalii lazima aombe kibali. Halmashauri imeidhinisha pia tozo ya asilimia 5 ya bei ya malazi kuanzia tarehe 24 Julai 2026, kwa usiku tano za kwanza. Tozo hiyo itamgusa hata anayelala kitanda cha deka, na naona ni haki. Fedha hizo zikiwekwa kwenye nyumba za kupanga za bei nafuu ndani ya Mji Mkongwe, ngazi zake zitapata wakazi wa kudumu, watu wa kuuliza, kama James na Ann Gray walivyouliza, mgeni aliyelala hapa jana yuko wapi.