Mdudu huyu anaitwaje? (kisa cha kiwavi wa 2017)

Nimeadimika wiki mbili hizi, mnisamehe. Test zimefuatana kama siafu na bumu limechelewa, hata bando la kuingia humu leo nimekopa. Ila kuna kitu kimenikaa kichwani tangu praktiko ya jana, acha nikitoe.

Tulipewa viwavi kwenye visahani. Mwalimu akasema tuwatambue mara mbili: kwanza kwa hadubini, halafu kwa kupiga picha na simu. Kwenye hadubini kundi letu lilitumia karibu saa nzima, mara tuhesabu miguu, mara tubishane kama hili ni doa au uchafu. Simu ya mshikaji wangu ilijibu kabla hajarudi kwenye kiti. Na ilipatia! Darasa zima likacheka. Mimi nilikuwa namfikiria mama.

Mwaka 2017 nilikuwa kidato cha kwanza. Viwavi waliingia kwenye mahindi ya mama, ekari moja na nusu, na kila mtu kijijini akasema ni viwavijeshi. Wale wa kawaida tunawajua, wanakuja kama jeshi kweli, wanakula, halafu wanapotea. Basi mama akaambiwa apulizie dawa juu juu ya majani na asubiri. Akasubiri. Wale wadudu hawakwenda popote, maana walikuwa wamejificha ndani kabisa kwenye moyo wa mhindi, huku wakiacha mavi yao kama vumbi la mbao, na dawa ilikuwa inapita juu yao tu. Mwaka ule tulivuna gunia tatu. Ada yangu ya muhula wa pili ilitoka kwa mbuzi.

Baadaye ndipo tukajua kuwa yule si wa kwetu. Ni kiwavijeshi vamizi, asili yake Amerika, aliyeripotiwa Afrika Magharibi mwaka 2016 na kufika Tanzania na Kenya 2017. Ana alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne yaliyokaa kama mraba karibu na mkia. Alama zote hizo zilikuwepo shambani kwa mama, hakuna aliyejua kuzisoma.

Hivi kazi ya kumpa mdudu jina imekuwa ya nani siku zote? Mwaka 1758 Linnaeus wa Sweden alitoa toleo la 10 la kitabu chake Systema Naturae, na majina ya kisayansi ya wanyama yanahesabiwa kuanzia hapo. Mwaka 1778 Lamarck wa Ufaransa, akishughulikia mimea, akaeneza ule mtindo wa maswali mawili mawili: hivi au vile, ukijibu unasogea mbele mpaka ufike kwenye jina. Ndicho kilichotutoa jasho jana, zaidi ya miaka 240 baadaye!

Shida ni kwamba lazima awepo mtu anayeweza kuyajibu hayo maswali. Hapa kwetu Wajerumani walifungua kituo cha utafiti Amani, kule Usambara Mashariki, mwaka 1902. Wadudu wengi waliokusanywa nchini enzi hizo wako makumbusho ya Berlin mpaka leo. Yaani mdudu wa Tanga ukitaka kumhakikisha, kielelezo chake huenda kiko Ulaya kwenye droo.

Sasa kompyuta. Wengi tunadhani mambo haya yameanza juzi na simu za kugusa. Wapi! Miaka ya 1990 Mark O'Neill na wenzake Uingereza, akiwemo Ian Gauld aliyekuwa bingwa wa nyigu, walitengeneza mfumo ulioitwa DAISY. Mbinu yao ya mwanzo iliazimwa kwenye kutambua nyuso za watu, ila badala ya sura wakaweka picha za mabawa ya nyigu. Ujerumani, chuo kikuu cha Bonn, wakawa na ABIS wa nyuki, unaosoma mishipa ya bawa. Mifumo hiyo ilifanya kazi, lakini picha ilitakiwa iwe safi, bawa limenyooshwa vizuri. Nani atamnyooshea nyuki bawa shambani? Mwaka 2004 O'Neill na Kevin Gaston waliandika makala wakiuliza, kwa nini utambuzi wa kompyuta usiwezekane? Nadhani walichoka kubishiwa.

Mlango ulifunguka 2012. Krizhevsky, Sutskever na Hinton wa Toronto walishinda mashindano ya ImageNet kwa mtandao wa neva uliokosea 15.3%, wa pili wao akiwa 26.2%. Tofauti na zamani, huuambii mtandao uangalie mshipa gani. Unaupa picha nyingi zenye majina, unatafuta wenyewe. Kwa hiyo swali likageuka: picha zitoke wapi? Zilikuwepo tayari. iNaturalist ilianza 2008 kama mradi wa shahada ya uzamili wa wanafunzi watatu wa Berkeley (wanafunzi, mnasikia?), watu wakawa wanatupia picha na kusahihishana majina. 2017 wakaweka akili bandia ndani yake.

Mwaka ule ule wa mbuzi wa ada yangu, jamani.

Na 2017 hiyo hiyo kuna watafiti walitoa kazi ya kutambua magonjwa na wadudu wa muhogo kwa picha zilizopigwa mashambani hapa Tanzania. Kutoka kwa watu hao wa PlantVillage ikaja Nuru, ambayo 2018 pamoja na FAO ilipewa kazi ya viwavijeshi vamizi. Inaangalia jani lilivyoliwa, tena bila intaneti. Hilo la bila intaneti ndilo lililonigusa zaidi, maana kijijini kwetu mtandao unaupata ukipanda kwenye kichuguu.

Ila msishangilie sana. Kwenye praktiko ile ile tulimpiga picha kiwavi mdogo, ametoka kwenye yai siku chache tu, na simu ikatutajia mdudu mwingine kabisa, tena bila aibu. Hizi programu zinachagua kati ya majina zilizofundishwa, na wadudu wasio na picha za kutosha hawamo. Picha nyingi ni za Marekani na Ulaya. Kiwavi wa mama angetambulika mapema pengine kwa sababu ni Mmarekani, ha ha. Wale wa kwetu wa asili je, waliobaki kwenye droo za Berlin?

Jana usiku nilimpigia mama. Shikamoo, marahaba, nikamwambia akiona kitu kwenye mahindi msimu huu afunue moyo wa mhindi kwanza, apige picha kwa karibu, anitumie kabla hajanunua dawa. Akaniuliza, "Na simu yako ikikosea?" Nikamwambia nitampeleka kwenye hadubini. Akasema sawa, ila mbuzi safari hii hauzwi.