Muziki wa harusi

Muziki wa harusi ni muziki unaopigwa au kuimbwa wakati wa kufunga ndoa na katika sherehe zinazoitangulia au kuifuata. Unajumuisha nyimbo za ibada, muziki wa kuingia na kutoka kwa maharusi, ngoma za jadi, nyimbo za kumfunda na kumuaga binti, na dansi la kwanza la mume na mke ukumbini.

Muziki huo huongoza hatua za shughuli, hutangaza ndoa kwa jirani na jamaa, na hueleza maana ya tukio lenyewe. Kwa hiyo uchaguzi wake huwahusu maharusi, wazazi, viongozi wa dini na wanamuziki, na mara nyingine huzua mvutano kati yao. Baadhi ya nyimbo zinazopendwa sana harusini husimulia mapenzi yaliyovunjika au ndoa iliyoshindikana.

## Maandamano mawili maarufu

Muziki wa kuingia na kutoka kanisani unaojulikana zaidi duniani ulitungwa na Wajerumani wawili wa karne ya 19, na wote wawili waliutunga kwa ajili ya jukwaa la maigizo.

Felix Mendelssohn alitunga "Maandamano ya Harusi" mwaka 1842 kama sehemu ya muziki wa tamthilia ya Shakespeare, *A Midsummer Night's Dream*. Yalipata umaarufu baada ya kupigwa tarehe 25 Januari 1858 mjini London, katika harusi ya binti mkubwa wa malkia Viktoria wa Uingereza na mwanamfalme wa Prussia. Tangu hapo yamezoeleka kupigwa maharusi wanapotoka.

Muziki wa kuingia kwa bibi harusi umetoka katika opera *Lohengrin* ya Richard Wagner, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mjini Weimar mwaka 1850. Katika opera hiyo kwaya huuimba ikiwasindikiza maharusi chumbani baada ya ndoa kufungwa. Muda mfupi baadaye ndoa hiyo huvunjika: mke humwuliza mumewe swali alilokatazwa, naye mume humwacha.

Mwaka huohuo wa 1850 Wagner alichapisha makala ya kuwashambulia wanamuziki Wayahudi, akiwemo Mendelssohn, ambaye alizaliwa katika familia ya Kiyahudi na alikuwa ameshafariki. Kwa sababu hiyo Wayahudi wengi hawatumii muziki wa Wagner harusini.

Muziki mwingine unaotumika ni Kanoni ya Johann Pachelbel, iliyosahaulika kwa muda mrefu hadi ilipoenea kwa santuri ya mwaka 1968 ya okestra ya Jean-François Paillard. Maandamano ya tarumbeta ya Jeremiah Clarke yalipigwa katika harusi ya Charles na Diana mwaka 1981.

## Masharti ya dini

Katika Kanisa Katoliki ndoa ni sakramenti, na muziki wake ni sehemu ya liturujia. Mwongozo wa ibada ya ndoa unataka nyimbo zilingane na ibada na kueleza imani ya Kanisa, na unasisitiza umuhimu wa zaburi ya wimbo wa katikati. Ndiyo maana mapadri wengi hawaruhusu nyimbo za mapenzi za redioni wakati wa Misa, bali huelekeza zipigwe ukumbini. Makanisa ya Kiprotestanti hutofautiana: mengine yana msimamo kama huo, mengine huwaachia maharusi na mchungaji wakubaliane.

Katika Uislamu nikaha yenyewe haihitaji muziki. Nguzo zake ni pamoja na walii, mashahidi na tamko la kuoza na kukubali. Hata hivyo katika vitabu vya Hadithi yamo mapokezi yanayotaja kupigwa dufu ili ndoa itangazwe. Wataalamu wa sheria ya Kiislamu wanatofautiana kuhusu ala nyingine. Katika pwani ya Afrika Mashariki kasida na maulidi huandamana na harusi nyingi.

## Afrika Mashariki

Katika harusi za Waswahili wa pwani, wanaume na wanawake kwa desturi husherehekea mbalimbali. Sherehe za wanawake zina ngoma zake, kama vile chakacha, na vugo, ambapo wanawake huimba wakigonga pembe kwa vijiti. Huko Lamu wanaume hucheza kirumbizi kwa fimbo. Nyimbo za unyago humfundisha mwari mambo ya utu uzima na unyumba. Mmoja wa waimbaji wake waliojulikana zaidi alikuwa Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013.

Taarabu ina nafasi ya pekee katika harusi za Zanzibar, Mombasa na Tanga. Mashairi yake hutumia mafumbo, na msikilizaji huweza kwenda mbele kumtunza mwimbaji pesa kwenye ubeti fulani ili kuonyesha kwamba maneno hayo yanamhusu yeye, au mtu mwingine aliyepo ukumbini. Kwa hiyo wimbo uliochaguliwa kwa furaha unaweza kugeuka kijembe kwa jirani, wifi au mke mwenza. Jambo hilo lilionekana zaidi katika miaka ya 1990, taarabu ya mipasho ilipoenea kutoka Dar es Salaam.

Katika miji ya Tanzania bara matarumbeta husindikiza msafara wa maharusi barabarani. Makanisani kwaya huimba, na ukumbini dijei au bendi hupiga nyimbo za injili, za dansi na za bongo fleva kwa maelekezo ya mshereheshaji.

## Dansi la kwanza

Desturi ya maharusi kufungua dansi inahusiana na dansi za makasri na majumba ya Ulaya, ambapo mgeni wa heshima ndiye aliyeanza kucheza. Katika Ujerumani na Austria maharusi kwa kawaida hucheza walsi, dansi ya mapigo matatu ya watu wawili wanaozunguka wakiwa wameshikana. Kwingineko wimbo wowote unaweza kutumika.

Katika Afrika Mashariki dansi hilo liliingia pamoja na sherehe za ukumbini. Baadhi ya familia huliacha kwa sababu za imani au staha, na badala yake maharusi hucheza pamoja na wazazi na wasimamizi.

## Maneno na matumizi

Wimbo "Malaika", uliorekodiwa na Fadhili William wa Kenya na kuenezwa duniani na Miriam Makeba, hupigwa mara nyingi harusini. Maneno yake lakini ni ya kijana ambaye umaskini unamzuia kufunga ndoa na msichana ampendaye. "I Will Always Love You" wa Dolly Parton (1974), uliorudiwa na Whitney Houston mwaka 1992, ni wimbo wa kuagana. "Can't Help Falling in Love" wa Elvis Presley (1961) una maneno ya mapenzi, lakini sauti yake imetokana na wimbo wa Kifaransa wa karne ya 18, "Plaisir d'amour", unaolalamika kwamba raha ya mapenzi haidumu.

Wengine huona maneno hayo hayafai siku ya ndoa. Wengine husema kwamba wimbo hupata maana kutokana na wanaouimba: kwa maharusi waliosubiri miaka mingi kwa kukosa mahari, "Malaika" unaweza kuwa kumbukumbu ya njia waliyopita.

## Uchaguzi

Mambo yanayozingatiwa kwa kawaida ni haya:

* ruhusa ya kiongozi wa dini, inayoombwa kabla kwaya haijaanza mazoezi;
* maneno yote ya wimbo, si kiitikio peke yake, hasa ukiwa katika lugha ambayo wageni wengine wanaielewa kuliko maharusi;
* urefu wa njia ya kuingilia, ili muziki usikatike kabla bibi harusi hajafika;
* uwezo wa kwaya, mpiga kinanda au bendi iliyopo;
* mwendo wa wimbo wa dansi la kwanza, na kama utafupishwa;
* nyimbo za koo zote mbili, hasa maharusi wanapotoka makabila au dini tofauti.

## Tazama pia

* Harusi
* Ndoa
* Taarabu
* Unyago