Sumu ya Mshale na Mapigo ya Moyo

Mgonjwa wa moyo akitoka Mbuchi, safari yake huanza na maji. Kijiji kimo ndani ya delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, katika msitu wa mikoko mkubwa kuliko mwingine wowote Afrika Mashariki, na huko ratiba ya mtu hupangwa na maji kujaa na kupwa. Akifika hospitali miguu imevimba, pumzi zinambana kila akilala chali, mapigo yanakwenda ovyo, daktari anaweza kumwandikia digoksini. Ni kidonge kidogo, cha bei nafuu, kilichomo katika orodha ya dawa muhimu za taifa. Digoksini yenyewe hutoka kwenye ua la Ulaya liitwalo dijitali. Lakini namna dawa za ukoo huu zinavyofanya kazi ndani ya moyo ilifahamika kwa msaada mkubwa wa sumu za mishale za Afrika, na historia hiyo ni yetu kuliko vitabu vyetu vya shule vinavyokiri.

Katika vichaka vya pwani, kuanzia Kenya kupitia Tanzania mpaka Msumbiji na kusini zaidi, huota mmea unaotambaa wenye tunda refu lililogawanyika pande mbili kama pembe. Mbegu zake zina nywele laini za kupeperushwa na upepo. Wanasayansi huuita Strophanthus kombe, na hilo neno la pili limetoka vinywani mwa wawindaji wa bonde la Shire, Malawi ya leo. Wao walizitwanga mbegu, wakachanganya na utomvu unaonata, wakapaka kwenye chembe ya mshale. Mnyama aliyechomwa hakwenda mbali. Nyama iliyozunguka jeraha ilikatwa na kutupwa, iliyobaki ikaliwa bila madhara.

Hapo pana elimu nzito. Mwindaji alijua kwamba kitu kinachoua kupitia damu kinaweza kupita tumboni bila kumdhuru mlaji, jambo ambalo baadaye wataalamu wa dawa walilieleza hivi: sumu hii haifyonzwi vizuri na utumbo. Wala Wamang'anja wa Shire hawakuwa peke yao. Waata wa pwani ya Kenya, mabingwa wa kuwinda tembo, walipika sumu ya mti wa Acokanthera. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hutumia Adenium, na vilevile Strophanthus eminii. Mimea hii si ya jenasi moja, na watu hawa wanaishi mbali mbali, lakini wote waliangukia kundi lilelile la kemikali, yaani glaikosidi za moyo. Bahati tupu haifiki huko. Walijaribu, wakalinganisha, wakarithisha.

Mwaka 1858 daktari kijana wa Uskoti, John Kirk, alifika Zambezi katika msafara wa David Livingstone. Aliusaka mmea wa kombe, na kwa maelezo yake mwenyewe wenyeji walimpa mimea isiyo yenyewe kabla hajaupata wa kweli. Sioni cha kuwalaumu. Siri ya kazi hailetwi mezani kwa kila mgeni. Kilichomfungua macho ni mswaki. Aliuweka mahali pamoja na sumu ya mishale, na alipoutumia akasikia uchungu mdomoni, kisha akabaini mapigo ya moyo wake yamepungua. Mtu mwingine angesukutua na kusahau. Kirk alikuwa daktari, akaunganisha mambo mawili: kinachosimamisha moyo wa nyati kwa wingi huenda kikautuliza moyo wa binadamu kwa uchache. Sampuli zikaenda Uingereza. Yeye akaja Zanzibar mwaka 1866, akakaa miaka ishirini, na ndiye balozi mdogo aliyembana Sultani Barghash mwaka 1873 hadi soko la watumwa likafungwa.

Aliyeibeba kombe maabara kwa miaka mingi ni Thomas Richard Fraser. Alizaliwa Calcutta mwaka 1841, akasomea udaktari Edinburgh, akahitimu mwaka 1862 kwa tasnifu juu ya haragwe la Calabar, mbegu ya Afrika Magharibi ambayo washukiwa wa uchawi walinyweshwa ili wathibitishe hatia au usafi wao. Tangu hapo maisha yake yalikuwa sumu: inatoka wapi, ina umbo gani, inagusa kiungo kipi.

Kazi yake iliyotangulia moyo ilikuwa kemia ya kaboni, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote. Mwaka 1868, akiwa na mkemia Alexander Crum Brown, alichukua strikinini, mofini, nikotini na nyingine za aina hiyo, wakaziongezea kikundi kidogo cha methili kwenye atomu ya naitrojeni. Strikinini, ambayo kwa kawaida humkakamaza mnyama kwa mishtuko, iligeuka ikawa inalegeza na kupoozesha misuli. Molekuli ilibadilishwa kidogo tu, na athari ikageuka kabisa. Wakatamka jambo ambalo viwanda vya dawa vinaliishi mpaka leo: tabia ya dawa mwilini inatokana na umbo lake la kikemia. Kabla ya hapo tabibu alijua mmea huu unatapisha na ule unalaza, basi.

Akiwa na jicho hilo akaigeukia kombe. Aliwapa vyura sumu hiyo, akauangalia moyo ukipiga kwa nguvu zaidi, ukipunguza mwendo, na dozi ikizidi, ukisimama ukiwa umejikaza kama ngumi. Aliona kwamba dawa inashika msuli wa moyo wenyewe. Akatenga kiini chake, strofanthini. Matunda zaidi aliletewa kutoka nyanda za Shire na John Buchanan, Mskoti mlowezi wa huko. Mwaka 1885 akawaeleza madaktari waliokutanika Cardiff kuhusu wagonjwa aliowatibu. Mwaka huohuo meli za kivita za Ujerumani zilitia nanga mbele ya kasri la Barghash, na Kirk akalazimika kumshauri Sultani akubali kupoteza bara. Mbegu za kombe na nchi zinakoota zilichukuliwa pamoja.

Katika maandishi ya historia hii Kirk ana jina, Fraser ana jina, Buchanan ana jina. Waliotwanga mbegu hawana. Sheria za uwindaji za kikoloni baadaye zikaiharamisha mishale yao, huku tincha ya strofanthasi ikiuzwa kwenye maduka ya dawa London. Nalisema bila kupunguza heshima ya Fraser, ambaye kazi yake ilikuwa ya haki na ya bidii. Mwingereza William Withering naye, aliyeandika mwaka 1785 juu ya ua la dijitali, aliipata habari yake kwenye dawa ya mwanamke mmoja wa Shropshire, na jina la mama huyo halimo katika kitabu chake.

Yaliyofuata yalikwenda kasi. Mwaka 1888, Paris, Arnaud alitenga uabaini kutoka Acokanthera iliyotoka nchi ya Wasomali. Mwaka 1906 Albert Fraenkel, Strasbourg, alianza kudunga strofanthini kwenye mshipa, na wagonjwa waliokuwa wakihema kwa shida wakapata nafuu kwa muda mfupi. Mwaka 1930 digoksini ikatengwa na Sydney Smith. Hiyo humezwa na kufyonzwa kwa uhakika zaidi, kwa hiyo kombe ikaanza kusukumwa pembeni. Basel, Tadeusz Reichstein, mkemia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1950 kwa homoni za tezi za juu ya figo, alichambua na wenzake spishi nyingi za Strophanthus, ikiwemo eminii ya Tanganyika; pamoja na mengine, walitafuta humo malighafi ya kutengenezea kotisoni.

Lakini kwa nini moyo unajikaza? Jibu lilipitia kwa kaa. Jens Christian Skou, daktari wa Aarhus, Denmark, alikuwa akisaga mishipa ya fahamu ya kaa wa pwani. Mwaka 1957 alitangaza kimeng'enya kinachotumia nishati ya seli mbele ya sodiamu na potasiamu. Miaka minne kabla, Schatzmann wa Uswisi alikuwa ameonyesha kwamba glaikosidi za moyo huzuia usafiri wa chumvi hizo kwenye seli. Skou akatia uabaini, sumu ya mshale, na kimeng'enya kikanyamaza. Ndipo ikajulikana kwamba ndicho pampu yenyewe: hutoa sodiamu nje ya seli na kuingiza potasiamu. Ikizuiwa, sodiamu hurundikana ndani, kalsiamu huongezeka, na msuli wa moyo hupiga kwa nguvu zaidi. Ikizuiwa mno, moyo hufa. Mwaka 1997 daktari huyu alishiriki Tuzo ya Nobel ya kemia.

Mwaka huohuo utafiti wa wagonjwa 6,800 ulionyesha kwamba digoksini haipunguzi vifo vya wenye moyo dhaifu, ila huwapunguzia kulazwa hospitali. Kwa familia ya delta, ambayo kila kulazwa ni nauli ya boti, ya basi mpaka Dar es Salaam na wiki za kulala kwa ndugu, nafuu hiyo ni kubwa.

Dar es Salaam tangu 2015 ina Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na pale Muhimbili ipo Taasisi ya Tiba Asili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimelea wanakemia wa mimea, akiwemo Profesa Mayunga Nkunya, aliyechambua kemikali za miti ya misitu yetu. Watu hawa wana vyombo ambavyo Fraser hakuviota. Ningependa wakae pia na wazee wa Kibiti na Rufiji wanaoijua mizizi na utomvu, waandike walichosema na waandike nani amesema.

Kuhusu mmea wenyewe, usijaribiwe kwa mgonjwa nyumbani. Nguvu ya mbegu hutofautiana, na tofauti hiyo ni sababu mojawapo iliyoiangusha tincha ya kombe. Kidonge cha kawaida cha digoksini kina miligramu 0.25, na hata hicho kinaweza kumdhuru mtu ambaye figo zake zimechoka au potasiamu yake imeshuka kwa sababu ya vidonge vya kutoa maji mwilini. Ndiyo maana daktari huagiza kipimo cha damu kabla ya kuongeza dozi, na mgonjwa anayeanza kutapika, kupoteza hamu ya kula au kuona rangi ya manjano kila anapotazama, anapaswa kurudishwa hospitali siku hiyohiyo, maji yawe yamejaa au yamekupwa.